Maji Yasiyofulika

"Toa mkono wako kwenye pazia, wifi."

"Sitoi mpaka nione kilichomo."

"Kilichomo ni samaki."

"Samaki gani? Yule mmoja uliyembakiza baada ya kuwamaliza wenzake sita? Au na yeye umeshamkausha, ndiyo maana umelifunika tangi kama jeneza?"

Dobi alikuwa ameshika pindo moja la pazia, wifi yake ameshika la pili, na katikati yao tangi la samaki limesimama juu ya meza kimya kama mshtakiwa. Pazia lenyewe lilikuwa jeusi, zito, la ukumbi fulani wa maonyesho. Mwenye nalo alilileta kufuliwa miaka tisa iliyopita akaenda zake moja kwa moja. Chini yake ilisikika pampu ndogo ya hewa ikinung'unika, nguu nguu nguu.

"Leo siku ya tatu," Dobi alisema. "Nimeambiwa nifunike siku nne. Mwanga ukiingia, kazi yote imekwenda na maji."

"Umeambiwa na nani?"

"Na muuza samaki wa mapambo."

"Ana cheti?"

"Ana samaki mia mbili, wote hai. Wewe una vyeti vingapi na samaki wangapi?"

Wifi yake alikuwa karani wa mahakama, kazi aliyoifanya muda mrefu hata akawa hawezi kuuliza chumvi iko wapi bila kutaka shahidi. Aliachia pazia, akapangusa vidole kwa leso, akageuka kutazama kitanda kilichokuwa hatua mbili kutoka mezani. Kaka yake, Fundi Vioo, alilala pale ameelekeza uso ukutani. Shuka lake lilikuwa jeupe la kuumiza macho, limenyooshwa mpaka likakosa hata kikunjo cha kusingizia kwamba chini yake kuna mtu.

"Siku kumi na moja anatazama ukuta," wifi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Dobi, mimi sikuchukii. Ila kesho asubuhi shemeji yako anakuja na gari. Kaka anahamia kwangu. Kwangu kuna chumba, kuna nesi nyumba ya pili, na hakuna mtu wa kumsugua mara tatu kwa siku kama shuka la hoteli."

"Ni mume wangu."

"Na kwangu mimi ni kaka yangu. Nilikuwa naye kabla yako."

Dobi akalinyoosha pindo la pazia. "Na akigeuka?"

"Akigeuka vipi?"

"Kesho siku ya nne inatimia. Nikifunua, maji yawe yametakata, mwenyewe ageuze uso atazame. Bado utamchukua?"

Wifi alifikiri kwa namna yake, kidole juu ya mdomo. "Nikimwona kwa macho yangu mawili kaka yangu anamtazama samaki aliye hai, gari litarudi tupu. Nisipoona, unafunga nguo zake kwenye sanduku, na sitaki kelele."

Akachukua mkoba wake akaondoka, viatu vikigonga sakafu kama muhuri kwenye karatasi.

Sasa, huyo Dobi. Mtaa mzima ulikuwa hauna mtu wa kumfikia kwa usafi. Alikuwa akitoa doa la wino lililolala kwenye shati tangu mwenye shati hajaoa mpaka ana wajukuu. Wakati mmoja aliletewa kitambaa cha meza kilichomwagikiwa kila kitu kinachomwagika, akakifua kikatoka cheupe hata aliyekileta akakikataa, akisema hiki si chake, chake kilikuwa na maua. Watu walimheshimu, na walimwogopa kidogo pia, kwa sababu ukisimama naye unaongea, macho yake yanakwenda kwenye kola yako.

Mume alimpata hapohapo kwenye beseni. Kijana mmoja fundi wa vioo alileta shati lenye doa la gundi ya madirisha. Doa likatoka. Wiki iliyofuata akaleta lingine, gundi palepale kifuani, na wiki iliyofuata tena. Mwezi wa nne Dobi akamuuliza, "Wewe fundi, unabandika madirisha kwa kifua?" Yule kijana akacheka mpaka akakaa chini. Shati la kumi na saba lilikuwa la harusi, na hilo, kwa mara ya kwanza, alilileta likiwa safi.

Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya vioo. Pembe moja ililala kidogo, akasema hiyo ndiyo sahihi yake. Akatia mawe na samaki saba wa dhahabu, na jioni akitoka kazini anavuta kiti, anagonga kioo mara mbili kwa kidole, ko ko, na wote saba wanakuja juu midomo wazi. Mmoja alikuwa na mkia mweusi, na tabia ya kukagua kila jiwe kabla ya kula. Wakamwita Bwana Afya.

Kisha mwaka jana, asubuhi, Fundi Vioo alikuwa kwenye nyumba ya watu akipima dirisha. Futi ikamponyoka mkononi, akainama kuiokota, hakuinuka. Kiharusi kilichukua upande wa kulia wote na maneno yote. Mtu aliyekuwa akiongea mpaka na misumari alirudi nyumbani na mkono wa kushoto, jicho la kushoto, na pembe moja ya mdomo. Kwa kidole chake cha kushoto akagonga chuma cha kitanda. Mara moja, maji ya kunywa. Mara mbili, samaki walishwe. Mfululizo, njoo haraka. Dobi alijifunza lugha hiyo kwa siku moja, na kwa miezi mingi nyumba ile iliongea kwa chuma.

Hapo ndipo mapenzi yalipofanya kazi yake. Dobi aliona tangi liko mbali, kwenye kona yenye giza, na mgonjwa anajikunja shingo kulitazama. Akalivuta, siku moja nzima ya kusukuma na kupumzika, akaliweka dirishani kando ya kitanda, jua la asubuhi lipite katikati ya maji. Lilipendeza, jamani. Samaki waling'aa kama vijiko vipya. Na kwa kuwa mgonjwa hana kazi nyingine, Dobi akawa anamtilia chakula cha samaki kiganjani, anamsogezea mkono juu ya maji, wanalisha asubuhi, mchana na jioni. Wale samaki walinenepa wakawa hawawezi kugeuka bila kurudi nyuma kwanza.

Wiki ya tatu maji yakaanza kubadilika. Kwanza yalikuwa na ukijani wa mbali, wa kuuliza ni macho yangu au ni maji. Kisha yakawa kama maji yaliyochemshiwa mboga. Mwishowe ukizamisha mkono, vidole huvioni. Samaki walikuwa humo ndani, mara unaona pezi, mara huoni kitu, na Fundi Vioo anatazama ukijani tangu asubuhi mpaka jioni.

Dobi akakunja mikono ya gauni. Uchafu? Umekuja kwenye nyumba yake?

Alimwaga maji yote. Mawe akayasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Kile kisponji cha pampu, kilichojaa matope ya kahawia, alikitia kwenye sufuria ya nguo nyeupe akakichemsha, akakisuuza mara tatu, akakianika kwenye kamba kwa kibanio katikati ya soksi za watu. Akajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Tangi likang'aa. Fundi Vioo aligonga mara mbili, ko ko, na Dobi akajisikia kama siku ile ya shati la kumi na saba.

Keshokutwa yake samaki wawili walielea tumbo juu. Kabla wiki haijaisha maji yalikuwa ya kijani tena.

Akarudia. Safari hii akasugua zaidi, kwa kuwa doa likirudi maana yake hukusugua vya kutosha. Wakafa wawili.

Mara ya tatu alikaa chini akafikiri kama dobi. Kitu kilichopoteza weupe, sabuni ikishindwa, dawa yake nini? Dawa yake buluu. Akatia kifuko cha buluu ya nguo kwenye tangi, akakizungusha taratibu kama anavyozungusha kwenye maji ya mwisho ya mashuka, mpaka ule ukijani ukageuka rangi ambayo haina jina, katikati ya bahasha ya serikali na jicho la paka. Kwa saa moja hivi maji yalionekana kama yamepona. Kisha wawili wengine wakaanza kuzunguka, wakizunguka na kulala ubavu, na Fundi Vioo, nusu ya uso wake kwenye mto, anawatazama. Aligonga mfululizo. Dobi alikuwa amesimama palepale na hakujua aharakie nini.

Walipotulia, Fundi Vioo alisukuma godoro kwa mguu wake mzima. Alichukua muda mrefu. Kwanza goti, kisha nyonga, kisha bega, mpaka uso ukafika ukutani. Dobi alimgeuza. Akarudi ukutani. Alimgeuza tena, akarudi. Mara ya tatu hakumgeuza, maana aliona jicho lake lilivyomtazama.

Tangu hapo kidole hakikugonga tena, wala mara moja ya maji.

Dobi akafanya anachokijua. Alimwogesha asubuhi, akamwogesha mchana, akamwogesha jua likishuka. Alibadilisha mashuka ambayo hayajachafuka. Alimkata kucha ambazo hazijaota. Chumba kikanuka sabuni hata nzi akiingia anapiga chafya. Na kadiri alivyomsafisha ndivyo alivyozidi kumpoteza, kama doa linalofifia kwenye kitambaa, ila yeye hakutaka lifutike hilo. Usiku na mchana lilikuwa linamtafuna swali moja: amegeukia ukuta kwa sababu ya maji, au kwa sababu yangu?

Siku ya nane ya ukuta alichota maji ya tangi kwenye chupa akaenda nayo mwisho wa mtaa wa mafundi baiskeli, kwa bibi anayeuza samaki wa mapambo. Bibi yule alikaa katikati ya matangi kama malkia kwenye bwawa, sweta limelowa mpaka viwiko. Aliipokea chupa, hakuitazama hata kidogo. Aliinusa.

"Sabuni," alisema.

"Bibi, mimi sisikii harufu yoyote."

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Dobi."

Bibi akamwonea huruma waziwazi. "Pua yako imeshakufa, usiilaumu. Niambie, kile kisponji cha pampu unakiosha na nini?"

"Nakichemsha."

"Unakichemsha!" Bibi alishika kifua. "Mwanangu, yale matope ya kahawia siyo uchafu. Humo mnaishi vijidudu vyema, vidogo usivyoviona, kazi yao kula kinyesi cha samaki. Wewe umewachemsha wafanyakazi, halafu unashangaa nyumba inanuka. Na hiki cha kijani ni mwani mdogo mdogo unaoelea. Unakula jua na mabaki ya chakula. Tangi umeliweka wapi?"

"Dirishani."

"Nilijua. Na unawalisha mara ngapi?"

Dobi alianza kukunja vidole. Alikuwa anahesabu mambo yote aliyoyafanya kwa mapenzi, na kila alipogusa moja lilikuwa ndilo kosa lenyewe.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Wote sita."

Bibi hakumdanganya, na hakumsimanga. "Watu wasafi ndio wanaoua samaki," alisema. "Samaki wa wavivu wanazeeka. Sasa nisikilize. Leo toa robo ya maji, robo tu. Kisponji ukikamue ndani ya hayohayo maji uliyoyatoa, sabuni isikione. Maji ya kuongeza yalale kwenye ndoo siku nzima, ile dawa ya bombani itoke. Tangi liondoke dirishani. Halafu funika kwa nguo nzito, pande zote, siku nne. Usifunue na usilishe, samaki wa dhahabu hafi njaa kwa siku nne. Mwani bila mwanga unakufa wenyewe. Siku ya nne toa robo nyingine, basi. Ila pampu ya hewa isizimwe hata kidogo, unanielewa? Mwani unapokufa unanyonya hewa yote ya maji. Pampu ikizimika, samaki anazama kwenye maji kama mimi na wewe."

"Na mimi nifanye nini hizo siku nne?"

"Usifanye kitu."

"Kitu kidogo tu?"

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo, mwanangu. Kaa. Unaweza?"

Dobi alisema ataweza. Akajikaza kisabuni.

Maji yakalala kwenye ndoo siku nzima, na kesho yake akafanya yote kama alivyoambiwa, robo kwa robo, mikono ikitamani brashi. Hizo siku za pazia zilikuwa ndefu kuliko ujauzito. Mikono ilimwasha. Alifua nguo za wateja, akazianua, akazifua tena. Mtu mmoja aliletewa suruali yake imefuliwa mara nne, imekuwa nyepesi unasoma gazeti kupitia gotini. Kila alipopita karibu na meza alisikiliza nguu nguu nguu, akashusha pumzi.

Na sasa wifi ameondoka na kauli yake, ni Ijumaa saa tano, na kilichobaki ni siku moja. Dobi alitoka uani kwenye mabeseni, akaanza kufikicha taulo za kinyozi.

Mchana ule akasikia chuma.

Ko ko ko ko ko.

Aliacha taulo majini. Alisimama uani povu likimtiririka viwikoni, hakuamini masikio yake. Ko ko ko ko. Amenigongea! Siku kumi na moja, na leo amenigongea! Alikimbia ndani, kandambili moja ikabaki mlangoni. Fundi Vioo alikuwa bado amelala kiubavu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo wake, umejikunja kwa taabu, na kidole kinagonga.

"Nipo, Fundi! Nipo mume wangu!"

Akamshika, akambusu kichwani, machozi yakamwagika. Na kwa furaha ile, mikono yake, ambayo haikuwahi kujua furaha ya aina nyingine, ilikwenda kwenye beseni. Alileta maji ya vuguvugu. Alileta sabuni mpya, akaifungua karatasi. Alimwosha uso, shingo, kwapa, mgongo. Kidole kikagonga. "Tulia, namalizia." Akabadilisha shuka. Akamnyoa ndevu, akampaka mafuta, akamvalisha shati jeupe lililopigwa wanga. Ko ko ko ko. "Tulia kidogo, Fundi, usinilowanishe." Akampangusa masikio. Alichana nywele. Aliimba hata. Fundi Vioo akagonga mpaka ukucha ukapasuka na tone la damu likadondoka kwenye shuka jipya, na Dobi, Mungu amsamehe, jambo la kwanza aliloliwaza ni kwamba damu inatoka kwa maji baridi.

Alipoinama kulipangusa lile tone ndipo alipolisikia alilokuwa analisikia mume wake saa nzima.

Hakuna nguu nguu.

Aliinua macho. Taa ndogo nyekundu ya kwenye soketi ilikuwa imekufa. Umeme umekatika.

Akalirukia tangi, akaingiza mkono chini ya pazia bila kulifunua, akazamisha jagi la maji ya kunywa, akalinyanyua ndani kwa ndani na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa. Akachota tena na kumwaga. Maji yalimwingia mikononi mpaka kwapani. Hakuona kitu, alikuwa anafanya kwa kupapasa kama mtu anayetafuta kifungo kwenye maji ya sabuni. Chota, mwaga. Taulo za kinyozi zikabaki majini uani. Mteja akabisha hodi akachoka. Jua likahama dirishani, likashuka ukutani mwa jirani, likaisha, na yeye anachota na kumwaga, anahesabu kwa midomo, anasema samahani kila jagi bila kujua anamwambia nani. Fundi Vioo hakugonga tena. Alikuwa anasikiliza.

Umeme ulirudi giza lilipoanza. Pampu ikapiga chafya, ikaendelea. Dobi akakaa sakafuni, shavu mkononi. Yaani hata alipoitwa kwa jina lake, kwa lugha aliyoijua yeye peke yake duniani, aliitikia kwa sabuni.

Asubuhi ya Jumamosi alivaa aproni, akachukua pindo la pazia kwa vidole viwili, akalivuta.

Katika maisha yake alikuwa ameona maji ya kila namna, lakini hayo hakuwahi kuyaona. Yalitakata mpaka tangi likaonekana halina maji. Ungeweza kuhesabu punje za mchanga. Kila jiwe lilikaa mahali pake na kivuli chake. Na pale kwenye pembe iliyolala, kwenye ile sahihi ya Fundi, Bwana Afya alielea ubavu, mkia mweusi umetandazwa kama kitambaa kilichoanikwa vizuri.

Dobi hakulia. Alitazama kitandani, uso uko ukutani. Akasikia viatu vya wifi vinapiga muhuri barazani. Kwa kufumba na kufumbua mkono wake uliingia majini, ukatoka, ukaingia mfukoni mwa aproni.

"Haya," wifi alisema akiingia. "Siku ya nne."

"Siku ya nne."

Wifi alisimama. Aliyatazama yale maji toka juu hadi mchangani. Kisha akavaa miwani.

"Maji nimeyaona. Samaki yuko wapi?"

"Nyuma ya jiwe."

"Jiwe lipi?"

"Lile kubwa. Hajaona mwanga siku nne, ana aibu."

"Samaki ana aibu." Wifi akaanza kuizunguka meza polepole, ameinama, mikono nyuma. "Nimeona jiwe. Nimeona nyuma ya jiwe. Sijaona aibu ya mtu yeyote."

"Atatoka."

"Dobi…"

"Mwache atoke mwenyewe, wifi, kwani una haraka gani?"

Kitanda kikalia. Wote wawili waligeuka. Fundi Vioo alikuwa anasukuma godoro kwa mguu wake mzima. Goti. Nyonga. Ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, Dobi alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe kwa nguvu isiende. Bega likaja. Uso ukaja. Jicho la kushoto likakutana na maji.

Lilitembea kutoka pembe hadi pembe. Lilipita juu ya mawe, likashuka mchangani, likapanda tena. Lilikaa kwenye ile pembe iliyolala kwa muda mrefu. Halafu kidole chenye ukucha uliopasuka kikanyanyuka.

Ko ko.

Samaki walishwe.

Dobi alichukua kopo la chakula. Alimimina punje chache kiganjani mwa mume wake, akausogeza mkono wake juu ya maji kama zamani, na zile punje zikadondoka, zikaelea, zikaanza kuzama moja moja, polepole, zinaonekana safari yao yote mpaka chini. Hakuna kilichokuja kuzipokea.

Wifi alikuwa haangalii tangi tena. Alikuwa anaangalia aproni. Pembe ya mfuko ilikuwa imelowa duara zima, na kutoka kwenye hilo duara tone lilidondoka juu ya kandambili ya Dobi. Likadondoka jingine. Wifi aliuangalia mfuko. Alimwangalia Dobi. Akamwangalia kaka yake, shati lake jeupe, na jicho lile moja ambalo lilikuwa limeacha ukuta.

Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa upya. Akainama mbele ya kioo.

"Nimemwona," alisema.

Dobi akashika mfuko wa aproni.

"Yule pale nyuma ya jiwe kubwa, upande wa kushoto. Ana mkia mweusi." Sauti ya wifi ilikuwa ileile ya kusoma mashtaka, isipokuwa mwishoni ilipasuka kidogo. "Anakagua jiwe, kaka. Bado hajaridhika nalo."

Ile pembe moja ya mdomo wa Fundi Vioo, iliyobaki kazini peke yake, ilisogea. Mtu aliyekata vioo maisha yake yote, ambaye angeona mkwaruzo wa unywele kutoka ng'ambo ya barabara, alimtazama dada yake, kisha mke wake, kisha aproni.

"Wifi," Dobi alinong'ona, "mimi jana nilikuwa…"

"Nyamaza, shahidi hajamaliza. Ninachosema mimi ni kwamba, kwa vile nimemwona kwa macho yangu mawili, gari…"

Mlango ukasukumwa. Shemeji aliingia, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akagonganisha viganja kama mtu aliyekuja kuhamisha kabati.

"Gari liko mlangoni. Nani atashika miguu?"